Likizo Hispania: Chagua mwezi kwanza, hoteli baadaye

WENGI wanaopanga likizo Hispania huanza na hoteli. Kinachopaswa kutangulia ni kalenda, hasa kwa anayekwenda Andalusia, jimbo la kusini lenye miji ya Sevilla, Cordoba na Granada.

Julai na Agosti joto la Sevilla na Cordoba huweza kupita nyuzi 40 za Sentigredi, na mitaa hubaki mitupu alasiri. Aprili, Mei na Oktoba hali ya hewa ni ya kuvumilika. Hata hivyo, katika Wiki Takatifu kabla ya Pasaka maandamano ya kidini huujaza mji wa Sevilla, na bei za vyumba hupanda.

Mwezi ukishajulikana, hufuata viza. Hispania imo katika eneo la Schengen, hivyo raia wa Tanzania na Kenya huihitaji. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na si chini ya siku 15 kabla yake. Ada ya mtu mzima, iliyopandishwa Juni 2024, ni euro 90, na hairudishwi ombi likikataliwa. Hutakiwa pia bima ya safari isiyopungua euro 30,000, uthibitisho wa malazi na fedha za kujikimu. Uamuzi kwa kawaida huchukua siku 15, lakini huweza kufika 45.

Hapo ndipo fedha nyingi hupotea. Anayelipia tiketi ya ndege isiyorejeshewa fedha kabla ya kupata viza hubeba hasara peke yake. Nafasi inayoweza kufutwa ni salama zaidi, hata ikiwa ghali kidogo.

Alhambra ndiyo inayotatiza mpango huo. Ngome hiyo ya Granada, iliyokuwa makao ya watawala Waislamu hadi Januari 2, 1492, hupokea idadi maalumu ya wageni kwa siku. Tiketi hubeba jina la mgeni, na makasri ya ndani huingiwa kwa saa iliyoandikwa tu, aliyechelewa hukosa. Katika miezi ya msongamano, anayesubiri viza ndipo anunue aweza kukuta zimekwisha. Kwa kuwa bei yake ni ndogo mno kuliko nauli, hiyo ni hasara inayofaa kuhatarishwa.

Cordoba yatosha siku moja. Treni ya mwendo kasi kutoka Madrid hutumia chini ya saa mbili. Msikiti Mkuu wake, ulioanza kujengwa mwaka 785, ulifanywa kanisa mwaka 1236, na Waislamu hawaruhusiwi kuswali humo.

Chakula cha usiku huanza yapata saa 3. Asiyekula nguruwe aulize kabla ya kuagiza, kwani hata sahani za mboga mara nyingi hutiwa vipande vyake.