Hawajulikani na Nani? Bendi za Ukambani za Miaka ya 80

Yasome majina haya kwa sauti, polepole: Kilimambogo Brothers. Kalambya Boys. Kyanganga Boys. Lower Mbooni Boys. Ngoleni Brothers. Kaiti Brothers. Kama una damu ya Ukambani, najua umeshatabasamu. Kama huna, huenda unadhani nimekusomea ratiba ya mpira wa shule za upili. Hizi ni bendi. Zilirekodi Nairobi, zikauza santuri, zikachezesha watu baa na kumbi za miaka ya 80. Leo ukimwambia msee wa rika langu azitaje tatu, atasema Kilimambogo, halafu kimya.

Ukisoma makala kuhusu muziki wa zamani wa Kenya, utakutana na maneno yale yale kando ya majina haya: bendi zisizojulikana, hazina iliyosahaulika, vito vilivyofichika. Maneno hayo hunikera. Yanasema bendi hizi zilikosa wasikilizaji, na hiyo si kweli. Zilikuwa na wasikilizaji wengi sana, ila hao wasikilizaji si watu ambao huulizwa wakati orodha inaandikwa.

Tuanze na majina yenyewe, maana ukiyaweka pamoja unapata ramani. Katika miaka ya 80 Ukambani, kwa serikali, ilikuwa wilaya mbili: Machakos na Kitui. Makueni haikuwa wilaya hadi 1992. Kwa hivyo mtu wa Mbooni na mtu wa Kaiti, kwenye karatasi, wote walikuwa wa Machakos, wilaya kubwa kweli kweli. Lakini kwenye santuri hakuna aliyejiita Machakos. Kila bendi ilishuka mpaka kwa kilima chake, lokesheni yake. Waangalie Lower Mbooni Boys. Mbooni peke yake haikuwatosha. Milima ya Mbooni ina juu na ina chini, na hawa walitaka ujue wao ni wa chini. Hakuna mtu anayewaza soko la dunia anayejipa jina kama hilo. Jina hilo ni anwani, na barua iliandikiwa mtu maalum.

Mtu huyo alikuwa hapa mjini. Alifanya kazi kiwandani Industrial Area, au Thika, au bandarini Mombasa, au alikuwa askari, au bawabu, au yaya kwenye nyumba ya watu. Mshahara ukitoka, sehemu inaenda nyumbani. Sasa kumbuka 1984. Mvua ilikosa. Wakamba huzipa njaa zao majina, na hii waliiita Nikw'a Ngwete, yaani nakufa nikiwa nimeshika: pesa ninazo mkononi, chakula cha kununua hakuna. Hebu jiweke hapo. Una mshahara, una mama nyumbani, na hizo noti hazina kazi. Jumamosi jioni unaingia baa, mtu anatumbukiza sarafu kwa jukboksi, na kinachotoka ni gita la watu wa mlima unaoonekana kutoka kwa boma yenu. Ndiyo maana nasema anwani.

Na hilo gita lilikuwa na namna yake. Benga kama benga ilianzia kwa Waluo, lakini ilipofika Ukambani ilibadilishwa mavazi. Gita la ridhimu linashika kodi zake. Juu yake linakuja gita la pili, jembamba, la sauti ya juu, linalozunguka haraka haraka na kujaza kila pengo ambalo ridhimu imeacha, kama bembea ya watoto isiyotaka kusimama. Sikiliza Kalambya Boys, au Peter Mwambi na Kyanganga Boys wake, utalisikia mara moja. Chini yake dramu kubwa inapiga sawasawa, du, du, du, du, bila kupumzika. Wageni wengine huona hiyo dramu inachosha. Kwa mtu aliyesimama mashineni siku nzima, ni mdundo ambao mwili unaujua tayari.

Umbo la santuri pia liliamua umbo la wimbo. Hizi zilikuwa sahani ndogo, za mizunguko 45 kwa dakika, na kila upande ulikuwa na nafasi ya dakika chache tu. Kwa hivyo wimbo uligawanywa mara mbili. Upande wa kwanza unakupa hadithi: nani kafanya nini, nani kamwacha nani. Unageuza. Upande wa pili maneno yanapungua na magita yanaachiwa njia. Sisi tumezoea kuruka wimbo kabla kiitikio hakijafika. Wao walilazimika kuinuka kitini katikati ya wimbo, waende wageuze, ndio wapate utamu wenyewe.

Biashara ilikuwa River Road na mitaa ya kando yake. Kampuni kubwa kama PolyGram zilikuwepo mjini, lakini chini yao kulikuwa na maduka madogo yenye lebo zake. Joseph Kamaru, jitu la muziki wa Kikuyu, alikuwa na duka lake huko, City Sounds. Mwenye duka ndiye prodyuza, ndiye msambazaji, ndiye karani. Bendi inaletwa studio, inarekodi nyimbo kadhaa kwa kikao kimoja, santuri zinachapwa, zinarudi dukani, zinapelekwa stendi ya basi ziende Machakos na Kitui. Mwanamuziki mara nyingi alilipwa mara moja, pesa taslimu, basi. Wimbo ukivuma, aliyevuna ni mwenye lebo. Kisha kanda za kaseti zikaingia kwa nguvu, na mtu yeyote mwenye redio ya vyumba viwili akawa kiwanda. Hapo hata mwenye lebo alianza kulia.

Kwa nini basi Kilimambogo ikumbukwe na Lower Mbooni isahaulike? Jibu kubwa ni lugha. Sauti ya Kenya, ile VOK ambayo baadaye iliitwa KBC, ilikuwa na idhaa ya taifa kwa Kiswahili, idhaa ya Kiingereza, na vipindi vya lugha za kienyeji vyenye saa zake. Ukiimba Kikamba, unaishi ndani ya saa hizo. Kakai Kilonzo, kiongozi wa Kilimambogo, alianza kwa Kikamba kama wenzake, kisha akaimba pia kwa Kiswahili, juu ya mambo ambayo mtu wa Kakamega au Lamu angeyaelewa. Taifa likamsikia. Hata jina la bendi lilimsaidia. Mlima ambao Wamaasai wanauita Ol Donyo Sabuk, huko karibu na Thika, kwa Kiswahili ni kilima mbogo, basi kila mtu angeweza kulitamka. Mbele yake wakaweka na lile "Les" la Kifaransa, fasheni iliyokuja na wanamuziki wa Zaire. Mkamba, jina la Kiswahili, kiungo cha Kifaransa, gita la Kiluo lililogeuzwa. Kilonzo alifariki 1987, akiwa bado kijana kwa hesabu yoyote.

Simlaumu kwa Kiswahili chake. Mimi mwenyewe hapa naandika kwa Kiswahili nikitaka unisome. Ila tukubaliane kwamba orodha ya "bendi kubwa" tuliyorithi ilichujwa na idhaa ya taifa kabla sisi hatujazaliwa, na aliyebaki kwenye lugha ya mama alibaki nje ya orodha, hata kama kumbi zake zilifurika.

Wanawake walichujwa mara mbili. Kalambya Sisters waliimba na magita ya kina Onesmus Musyoki wa Kalambya Boys, kwa sauti nyembamba za juu zinazokaribia kuwa utani. Wimbo wao "Katelina" ulivuma mbali na Ukambani: msichana anayependa uki, pombe ya nyumbani, na ambaye kila mwaka ana mimba. Watu walicheka sana. Nikiusikiliza leo nacheka pia, halafu najiuliza nani alikuwa anachekwa. Wanaoimba ni wasichana. Wanaoagiza wimbo kwenye baa ni wanaume. Kila mwaka Katelina anabeba mimba, na baba wa hao watoto hana jina kwenye wimbo. Sijui somo jingine la miaka ya 80 linaloweza kukuonyesha hayo yote kwa dakika chache hivyo.

Na nimesoma masomo ya miaka ya 80. Kabla karo haijanishinda nikaacha chuo, nilikuwa mwanafunzi wa historia. Muongo huo tulifundishwa hivi: jaribio la mapinduzi la Agosti 1982, Mwakenya, kura ya mlolongo ya 1988. Yote ni ya kweli na yote ni mazito. Lakini ukitoka kwenye mhadhara ungeamini kwamba Wakenya miaka kumi walikuwa wanaogopa tu, hakuna aliyenunua santuri, hakuna aliyecheza. Mjomba wangu alikuwa kiwandani Nairobi miaka hiyo. Nilimwambia naandika kuhusu bendi za Ukambani zisizojulikana. Akaniuliza zipi. Nikaanza kumtajia. Nilipofika kwa Peter Mwambi alinikatiza: "Mwambi hajulikani? Na nani?" Kisha akanipigia hesabu ya baa alizomsikia kwa jukboksi, barabara kwa barabara, kuanzia Landhies Road.

Kuna wanaodhani muziki wa namna hii hauwezi kuvuka mpaka. Prodyuza wa Kiluo, Phares Oluoch Kanindo, alikuwa na lebo iliyoitwa Sungura. Santuri zake zilisafiri mpaka kusini, na huko Zimbabwe mtindo mzima wa gita ukaja kuitwa sungura. Mpaka leo watu wa Harare wanacheza muziki wenye jina la kijikaratasi kilichobandikwa katikati ya sahani ya Nairobi. Baadaye wazungu nao walikuja kuokota. Mwaka 1989 Rounder ya Marekani ilitoa mkusanyiko wa The Nairobi Beat. Mwaka 2013 Soundway ya Uingereza ikatoa Kenya Special. Nashukuru kazi hiyo, kwa sababu bila hao nyimbo nyingine zisingefika kwa simu yangu. Hapa nyumbani Ketebul Music walitoa filamu na kitabu cha Retracing the Benga Rhythm mwaka 2008, na mjukuu wa Kamaru, mwanamuziki KMRU, amekuwa akizitoa upya nyimbo za babu yake mtandaoni. Huo wa mwisho ndio mfano ninaoutaka, kwa sababu hapo aliyeshika santuri na aliyeshika jina ni watu wa nyumba moja.

Familia nyingi za wanamuziki wa Ukambani hazina hata santuri, na saa inakimbia. Kwa sheria ya hakimiliki ya Kenya ya 2001, utunzi wa muziki unalindwa miaka 50 baada ya mwaka aliofariki mtunzi. Rekodi yenyewe inalindwa miaka 50 baada ya mwaka iliporekodiwa. Fanya hesabu. Rekodi ya 1984 inamaliza ulinzi mwishoni mwa 2034. Tungo za Kakai Kilonzo, mwishoni mwa 2037. Baada ya hapo mtu yeyote, popote, anaweza kuzitoa na kuziuza bila kumtafuta mtu yeyote. Na kabla ya hapo, mjane au mtoto anayetaka kudai chochote lazima aonyeshe wimbo ni wa nani. Mara nyingi mkataba haukuwepo, au uliisha na duka. Kinachobaki ni kile kikaratasi katikati ya sahani: jina la wimbo, jina la bendi, na chini yake, kwa herufi ndogo, jina la mtunzi.

Hicho kikaratasi kinaliwa na mende chini ya vitanda vya Mwala, Wote na Mwingi wakati sisi tunabishana mtandaoni kuhusu nani alikuwa mfalme wa benga. Kwa hivyo Disemba hii ukienda ushago, na hata kama ushago kwenu ni Bondo au Murang'a, uliza kama kuna santuri. Usizioshe kwa sabuni, na usizinunue kwa bei ya soda. Piga picha ya kikaratasi, pande zote mbili, na namba ya lebo isomeke. Kisha kaa chini na mwenye santuri, muulize nani alipiga solo, nani ridhimu, nani alikuwa kwenye dramu, na walitoka upande gani wa mlima. Majina ya wapigaji mara nyingi hayakuandikwa popote. Yaandike na tarehe ya siku uliyoambiwa.