Neno la Marehemu na Haja ya Walio Hai

Mwaka 1851 alifariki Bryan Mullanphy wa mji wa St. Louis, Marekani, akiwa ameusia theluthi moja ya mali yake iwasaidie wasafiri maskini wapitao hapo kwenda kufanya makazi upande wa magharibi. Ulikuwa wasia mwema. Lakini reli zilipoenea, misafara ya magari ya ng'ombe ikakoma, na wapokeaji wakawa haba.

Hatari ya namna hiyo ndiyo aliyotaka kuizuia Frederick Goff, mwanasheria na mkuu wa benki mjini Cleveland. Mwaka 1914 alianzisha mfuko mmoja wa mji, ili sadaka na mali zilizousiwa na wengi zikae pamoja. Benki ilitunza fedha. Matumizi yaliamuliwa na kamati ya raia, ambayo ilipewa ruhusa, haja ya zamani ikiisha, kulielekeza fungu kwenye haja iliyopo. (Sisi tushikao daftari za chama twajua jinsi fungu lenye jina lilivyo gumu kuguswa, hata la jirani yake likiwa tupu.) Kabla ya kugawa, kamati ilichunguza kwanza hali ya maskini, kisha shule. Miji mingine ikafuata. Na hapa Kenya, mfuko wa aina hiyo, Kenya Community Development Foundation, ulianza mwaka 1997.