Jinsi Kompyuta Ilivyofundishwa Kiswahili

Wekeni madaftari tayari, na mwenye kalamu mbili amwazime jirani yake.

Somo letu la leo ni la historia, lakini si historia ya misafara ya pembe wala ya vita. Tutasimulia jambo la karibuni: jinsi kompyuta, mashine iliyozaliwa ugenini na kusema Kiingereza, ilivyopata kusema Kiswahili.

Habari hii inawahusu ninyi hasa. Mtu mzima aliyejifunza kusoma kwa jasho, jioni baada ya kutoka shamba, ana haki ya kuuliza: "Kusoma kwangu kutanifaa wapi?" Akifika mbele ya mashine ya benki au ya ofisi, na mashine ile haijui hata neno moja la lugha yake, basi anasimama pale kama mtu asiyepata kusoma. Kwa hiyo lugha ya mashine si jambo dogo.

1. Chombo na nahodha wake

Kwanza tuelewane juu ya kompyuta yenyewe. Ninyi watu wa pwani mnajua jahazi. Jahazi lina mbao, mlingoti, tanga na usukani. Vitu vyote hivyo vikiwapo, lakini nahodha hayupo, chombo hakiendi. Nahodha ndiye anayemwambia baharia huyu avute kamba, na yule ateke maji.

Kompyuta ni vivyo hivyo. Ina kioo cha kutazamia, ina vitufe vya kuandikia, na ndani ina vyuma na nyaya. Lakini lazima awepo wa kutoa amri. Mwenye kazi hiyo si mtu, bali ni maagizo mengi yaliyoandikwa na watu na kuwekwa ndani ya mashine. Maagizo yanayofanya kazi fulani huitwa programu. Na programu ile kubwa iliyo nahodha wa zote, inayoziamuru nyingine, huitwa mfumo endeshi.

Sasa, maagizo haya huuzwa kwa namna mbili. Fikirini mkate wa kumimina. Mtu mmoja anakuuzia mkate uliokwisha iva, lakini namna ya kuupika anaificha. Ukitaka sukari ipunguzwe, au iliki iongezwe, huna la kufanya ila kumsubiri yeye. Mtu wa pili anakupa mkate pamoja na namna ya kuupika, na anakwambia: "Ukitaka badilisha, na umpe jirani yako." Programu ya namna hii ya pili huitwa programu huria.

Mwalimu wa darasa, simamisha kidogo. Waulize wanafunzi: Kati ya watu hao wawili, ni yupi anayemfaa mtu mwenye ladha yake mwenyewe? Na ni kwa nini?

2. Mtu aliyenyimwa maagizo

Mwanzo wa programu huria una kisa chake. Kulikuwa na bwana mmoja Mmarekani, jina lake Richard Stallman, aliyefanya kazi katika chuo kiitwacho MIT, katika jimbo la Massachusetts. Karibu na mwaka 1980, ofisi yao ilipewa mashine mpya ya kupigia chapa karatasi. Mashine ile ilikuwa nzuri, lakini karatasi zilikwama mara kwa mara. Kwa mashine yao ya zamani, Stallman alikuwa ameandika maagizo ya kuwaarifu watu kila karatasi zilipokwama. Alitaka kufanya vile vile kwa mashine mpya. Akaenda kumwomba mtu aliyekuwa na maagizo yake, naye akamkatalia, kwa sababu alikuwa ametia sahihi ya kuahidi kwamba hatampa mtu yeyote.

Stallman aliona kuwa hiyo si njia ya kuishi na majirani. Mwezi wa Septemba mwaka 1983 alitangaza kwamba ataandika mfumo endeshi mzima ambao kila mtu ataruhusiwa kuusoma, kuubadilisha na kumgawia mwenzake. Kazi hiyo aliiita GNU. Tena yeye na wenzake wakaandika sharti la kuilinda, lililotolewa mwaka 1989: Atakayechukua maagizo haya, akayabadilisha na kuyagawa, asiyafungie wengine, naye ayatoe wazi kama alivyoyapata yeye.

Kazi iliendelea, lakini kiini cha mfumo kilikuwa hakijakamilika. Kiini hicho kilitoka kwa kijana wa Ufini, nchi ya baridi ya kaskazini. Jina lake Linus Torvalds, mwanafunzi katika mji wa Helsinki. Mwezi wa Januari 1991 alipata kompyuta yake mwenyewe. Hakuridhika na mfumo aliokuwa nao, akaanza kuandika wake. Tarehe 25 Agosti mwaka huo, akiwa na umri wa miaka 21, aliwaandikia wenzake kwa njia ya kompyuta kwamba anatengeneza mfumo endeshi, na kwamba kwake yeye ni mchezo tu wa kujifurahisha. Mchezo huo ndio uliokuja kuitwa Linux. Mwaka 1992 aliuweka chini ya sharti lile lile la Stallman. Watu wa nchi nyingi wakaingia kazini, huyu akirekebisha hapa na yule pale, kama watu wanavyochangia nguvu kujenga shule ya kijiji.

3. Neno la Kibantu laenda duniani

Huenda mmoja wenu akasema, "Hayo ni ya Wazungu na nchi zao." Ngojeni kidogo. Bwana Mark Shuttleworth alizaliwa Afrika Kusini mwaka 1973, na alisoma chuo kikuu cha Cape Town. Mwaka 1995 alianzisha kampuni, akitumia programu huria katika kazi zake, na mwaka 1999 aliiuza kwa mamia ya mamilioni ya dola. Mwaka 2002 alisafiri mpaka anga za juu, nje ya dunia hii.

Mwezi wa Oktoba 2004 yeye na wenzake walitoa mfumo endeshi uliojengwa juu ya Linux, wakauita Ubuntu. Andikeni neno hilo ubaoni. Ni neno la Kizulu na Kixhosa. Sasa ondoeni "bu" na herufi "n". Linabaki neno gani? Utu! Ndiyo, ni ndugu wa neno letu "utu". Mpaka mwaka 2011 mtu wa nchi yoyote aliweza kuomba sahani yenye mfumo huo, akaletewa kwa posta pasipo kulipa hata senti moja. Kwa nchi ambazo intaneti ilikuwa ghali na ya polepole, sahani ile ilikuwa msaada mkubwa.

4. Habari za kwetu

Tanzania ilijua kompyuta mapema. Mwaka 1965 mashine ya kwanza iliwekwa Wizara ya Fedha. Lakini mwaka 1974 serikali ilikataza kompyuta kuingizwa nchini. Angalieni mambo yalivyokwenda. Miaka ile ile ilikuwa miaka mikubwa ya elimu ya watu wazima. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa mwaka wa elimu hiyo, na mwaka 1973 kampeni ya redio ya Mtu ni Afya ilikusanya watu wengi sana vijijini. Watu wazima wakajifunza kusoma kwa Kiswahili, na kompyuta zikakaa mbali. Amri ile ilipolegezwa na mashine kuanza kuingia kwa wingi, ziliingia na Kiingereza chake. Mamilioni ya watu waliojua kusoma walijikuta tena hawajui kusoma.

Mimi mwenyewe nilifundishwa kompyuta wakati huo. Sikufundishwa kwa maana ya maneno, nilifundishwa kwa mahali yalipo: "Bonyeza neno la kwanza kushoto, halafu hesabu kwenda chini mpaka la nne." Tulikariri kama mtoto anayekariri njia ya kwenda kisimani gizani. Maneno yakihamishwa, tumepotea.

Ndipo ikaanzishwa kazi iliyoitwa Kilinux, yaani Kiswahili na Linux. Waliofanya kazi hiyo ni Idara ya Sayansi ya Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na kampuni ya Sweden iitwayo IT+46. Walichagua programu huria ya kazi za ofisi, ya kuandikia barua na kupigia hesabu, iitwayo OpenOffice.org. Kwa kuwa maagizo yake yalikuwa wazi, hawakuhitaji kumpigia mtu magoti. Wakatafsiri maneno yake moja moja, na mwezi wa Desemba 2004 ikatolewa kwa jina la Jambo OpenOffice.

Mwaka huo huo kampuni kubwa ya Microsoft nayo ilitangaza kwamba itatia Kiswahili katika programu zake. Hilo lilikuwa jema. Lakini kumbukeni tofauti: kwa programu ile iliyofungwa, Kiswahili kilingoja uamuzi wa mwenye mkate. Kwa programu huria, wenye lugha waliingia jikoni wenyewe.

Nilipoonyeshwa Jambo OpenOffice kwa mara ya kwanza, nilianza kuhesabu kwa kidole kama nilivyozoea. Kisha nikaona hakuna haja. Pale juu paliandikwa "Faili". Karibu yake, "Hariri". Nikafungua, nikakuta "Hifadhi". Kwetu pwani, neno hilo twalijua tangu chuoni: mtoto aliyeiweka sura moyoni asiisahau, twasema amehifadhi. Sikuhitaji kuelezwa mashine itafanya nini na barua yangu.

5. Kuchagua maneno

Msidhani kazi ya kutafsiri ilikuwa nyepesi. Mashine ina maneno ambayo wazee wetu hawakuwa nayo. Wengine walitaka tuseme "kompyuta", wengine "tarakilishi". Chombo kidogo cha kushika mkononi kwa kusogeza mshale, wengine wakakiita "kipanya", wengine "puku". Maneno mengine yalikuwa nyumbani siku nyingi, yakapewa kazi mpya: kata, nakili, bandika, futa, tafuta. Hata "ghairi", la mtu aliyebadili nia, leo husomwa na mwenye simu iliyowekwa Kiswahili.

Wala si mara ya kwanza kwa watu wa pwani kufanya hivyo. Zamani wazee wetu waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Herufi zile hazikuwa na sauti zetu zote, kama "p" na "ch". Wazee hawakuacha kuandika. Walitumia herufi zilizokuwapo, na wengine wakaziongezea alama, na kwa herufi hizo waliandika tenzi ndefu, barua na hesabu za biashara. Walichukua chombo cha mgeni, wakakirekebisha kifuate ulimi wao.

6. Linux mfukoni, na paa la makuti

Sasa ninawauliza: Ni nani katika darasa lenu aliyekwisha kutumia Linux? Naona hakuna mkono ulioinuka. Basi, mwenye simu ya kioo cha kugusa na aitoe. Simu nyingi za namna hiyo hapa Afrika Mashariki zinaendeshwa na mfumo uitwao Android, na kiini cha Android ni Linux, kile kile kilichoanzwa na mwanafunzi wa Helsinki. Simu za kwanza za Android zilitoka mwaka 2008, na mwaka 2011 kampuni ya Safaricom iliuza Kenya simu ya Huawei IDEOS ambayo watu wa kawaida waliimudu. Kwa hiyo wengi wenu mmekwisha kuijaribu Linux bila kujua jina lake. Tena simu hiyo inaweza kusema Kiswahili. Ingieni mahali pa lugha, mchague Kiswahili, nayo itageuka mara moja.

Lakini kuna jambo la kuangaliwa. Programu hubadilika kila mwaka. Yanakuja maneno mapya yanayotaka tafsiri mpya. Toleo lile la mwaka 2004 leo ni la kale. Hata programu mama ilibadilika, na mwaka 2010 baadhi ya watengenezaji wake walijitenga wakaanzisha LibreOffice. Tafsiri ni kama paa la makuti. Mwaka wa kwanza halipitishi tone. Usipoliezeka tena, utalala na sufuria ubavuni kukinga maji. Mlango wa programu huria uko wazi, lakini mlango ulio wazi haufanyi kazi ya mikono. Wanatakiwa watu wa kuezeka, nao ni lazima wakijue Kiswahili vizuri. Mnapojifunza kusoma na kuandika kwa usahihi, msifikiri mnajifunza kwa ajili ya barua tu.

Maswali ya kujadili darasani

1. Mfumo endeshi una kazi gani? Eleza kwa mfano wako mwenyewe, usitumie mfano wa jahazi.
2. Kwa nini Stallman alikasirishwa na mashine ya kuchapa?
3. Kwa nini wataalamu wa Dar es Salaam waliweza kutafsiri OpenOffice.org bila kuomba ruhusa?
4. Chagueni kitu kimoja cha simu ambacho hamna neno lake. Kila mtu atoe neno la Kiswahili, kisha mpige kura.

Kazi ya nyumbani: Igeuze simu yako, au ya mwanao, iseme Kiswahili kwa siku moja. Andika maneno matano uliyoyaelewa na mawili yaliyokutatiza, uyalete darasani.

Hapo ndipo mwisho wa somo la leo. Kwa herini, na someni kwa bidii.