Yatima wa Nani? Ukoo, Ukombozi na Malezi ya Kikristo Katika Unyanyembe, Kutoka Kituo cha Kipalapala hadi Kata ya Ntalikwa

1.0 Utangulizi

Ntalikwa ni mojawapo ya kata za pembezoni za Manispaa ya Tabora, katika nchi ambayo wasafiri wa karne ya 19 waliijua kwa jina la Unyanyembe. Leo, huduma za makanisa kwa watoto na familia zenye shida katika kata za namna hii huelezwa mara nyingi kana kwamba zilizaliwa na janga la UKIMWI pamoja na umaskini wa miongo ya karibuni. Maelezo hayo yana ukweli, lakini yanafupisha historia. Karibu na Tabora, malezi ya watoto chini ya mamlaka ya kanisa yalianza mwaka 1881, kabla Wajerumani hawajaitawala nchi hii, na yalianza ndani ya soko la watumwa.

Makala haya yanachunguza swali moja: ni nani aliyeitwa yatima, na ni nani aliyekuwa na mamlaka ya kumwita hivyo? Hoja inayojengwa ni kwamba watoto waliopokewa na vituo vya kwanza vya misheni hawakuwa lazima wamefiwa na wazazi. Wengi walikuwa watoto walionyang'anywa ukoo wao. Tofauti hiyo ina uzito, kwa sababu aliyefiwa na wazazi huweza kurudishwa kwa ndugu, ilhali aliyeandikwa kuwa hana mtu hufungiwa njia ya kurudi. Namna vituo vilivyoshughulikia tofauti hiyo ndiyo kipimo kinachotumika hapa kuitathmini huduma yenyewe.

2.0 Unyanyembe na Mtoto Asiye na Ukoo

Burton na Speke walipofika Kazeh mwezi Novemba 1857, walikuta makazi ya wafanyabiashara Waarabu na Waswahili yaliyounganisha pwani ya Bagamoyo na Ujiji, Karagwe na Buganda. Wapagazi wengi wa njia hiyo walikuwa Wanyamwezi huru waliofanya kazi kwa ujira, jambo ambalo Stephen Rockel amelifafanua kwa kina katika utafiti wake kuhusu wapagazi. Hata hivyo, safari hizo ziliacha mashamba bila wanaume kwa miezi mingi. Sehemu ya mali iliyopatikana kwa pembe za ndovu na kwa upagazi ilitumika kununua watu, hususani wanawake na watoto, kutoka Manyema na nchi za kandokando ya Ziwa Tanganyika. Hivyo basi, Unyamwezi haikuwa njia ya kupitishia watumwa pekee. Ilikuwa pia nchi iliyowapokea na kuwabakiza.

Vita viliongeza idadi yao. Mapambano ya Mirambo wa Urambo dhidi ya Waarabu wa Tabora na washirika wao wa Unyanyembe, yaliyoanza mwaka 1871, yalivunja vijiji na kuwatawanya jamaa. Mtoto aliyetekwa katika mazingira hayo aliweza kuwa na mama aliye hai umbali wa siku chache tu za safari, na bado asiwe na mtu wa kumdai.

Katika jamii ya Wanyamwezi, nafasi ya mtoto ilitegemea ndoa ya wazazi wake. Pale mahari ilipolipwa, watoto walihesabiwa upande wa baba; pale isipolipwa, upande wa mama ulikuwa na haki. Kwa vyovyote vile, mtoto alikuwa na upande. Mtumwa alikuwa mtu asiye na upande, na hali hiyo ndiyo iliyomfanya auzike.

3.0 Kipalapala, 1881–1889

Shirika la Wamisionari wa Afrika, ambao watu waliwaita Mapadre Weupe, lilianzishwa na Askofu Charles Lavigerie huko Algiers mwaka 1868. Mwanzo wake wenyewe unahusiana na mada hii: njaa ya mwaka 1867 na 1868 ilimwachia Lavigerie zaidi ya watoto 1,000 wa kulea, na baadhi yao walipokua aliwaozesha na kuwapa makazi katika vijiji vya Kikristo. Mpango wa kuwakusanya watoto, kuwafundisha kazi, kuwabatiza, kuwaoza na kuwajengea kijiji ulikuwa tayari umejaribiwa kabla msafara wa kwanza wa mapadre haujaondoka Bagamoyo mwezi Juni 1878. Pwani nako Mapadre wa Roho Mtakatifu walikuwa wameanza kazi inayofanana nayo Bagamoyo mwaka 1868, walikojenga kijiji cha watu waliokombolewa.

Mwaka 1881 Mapadre Weupe walifungua makao ya watoto katika eneo la Tabora, na Kipalapala ikawa kituo chao. Watoto walipatikana kwa kukombolewa, yaani kwa kulipiwa thamani kwa aliyewamiliki, kwa fedha zilizochangwa na waumini wa Ulaya. Hapa ndipo penye utata mkuu wa historia hii. Kwa mtoto mmoja mmoja, malipo hayo yalimaanisha kuondoka katika hatari ya kuuzwa tena, kupata chakula, dawa na mafunzo. Kwa soko, malipo hayo yalikuwa malipo. Muuzaji hakuulizwa alimpata wapi mtoto, na mnunuzi aliyejulikana kuwa na fedha za kudumu alikuwa mteja mwema. Lavigerie aliendesha kampeni kubwa dhidi ya utumwa barani Ulaya kuanzia mwaka 1888, huku vituo vyake vikiendelea kuwalipa wenye watumwa. Mambo hayo mawili yalitokana na huruma ileile, lakini matokeo yake sokoni hayakuwa sawa.

Utata wa pili ulihusu mamlaka. Mtemi Isike, aliyetawala Unyanyembe tangu mwaka 1876, aliona karibu na ikulu yake kijiji cha watu ambao hawakuwa raia wake, hawakumlipa ushuru kama wafanyabiashara, na walimtii padre. Kwa misheni, kijiji hicho kilikuwa makimbilio. Kwa mtemi, kilikuwa utemi ndani ya utemi. Mwaka 1889, wakati pwani ilipokuwa katika vita dhidi ya Wajerumani na Wazungu wakishukiwa kotekote, mapadre walilazimika kuiacha Kipalapala na kuelekea Bukumbi, kusini mwa Ziwa Nyanza. Tukio hilo linadhihirisha udhaifu wa mfumo mzima: usalama wa mtoto ulitegemea usalama wa kituo. Mtoto aliyelelewa ndani ya ukoo angebaki na watu hata kama nyumba moja ingevunjika. Mtoto wa kituo hakuwa na nyumba ya pili.

4.0 Ushirombo: Masista, Ndoa na Swali la Mahari

Mapadre walifungua Ushirombo mwaka 1891, kaskazini-magharibi mwa Tabora. Isike alikufa Januari 1893, ngome yake iliposhambuliwa na kikosi cha Tom von Prince, na njia ya kurudi Unyanyembe ikafunguka taratibu. Ndala ilianzishwa mwaka 1896, na Tabora penyewe misheni ilirejea mwaka 1900. Mwaka 1894 Masista Weupe wa kwanza walisafiri kuja bara, na malezi ya wasichana yakawa mikononi mwa wanawake. Mabadiliko haya hayakuwa madogo. Huduma iliyokuwa imejengwa juu ya nidhamu ya kazi na sala ilipata sasa watu waliokaa na mama wajawazito, wagonjwa na watoto wachanga, na hivyo ikaanza kuifikia familia nje ya ua wa misheni.

Ndoa ndiyo iliyokuwa mtihani mgumu zaidi. Msichana aliyekombolewa alipofikia umri wa kuolewa, kituo kilichukua nafasi ya ukoo: padre ndiye aliyeridhia, na kijiji cha misheni ndicho kilichowapokea wana ndoa. Kwa njia hiyo kanisa lilimpa binti upande ambao utumwa ulikuwa umemnyima. Lakini lilimpa upande mmoja tu. Alipogombana na mumewe hakuwa na kwao pa kukimbilia isipokuwa kwa wale wale waliomwoza. Utafiti wa Marcia Wright kuhusu wanawake na watumwa wa Afrika ya Mashariki na Kati umeonesha kuwa wanawake walionyang'anywa ukoo waliishi kwa kutafuta mlinzi baada ya mlinzi. Kwa mtazamo huo, misheni ilikuwa mlinzi aliye bora kuliko wengi, ingawa iliendelea kuwa mlinzi.

5.0 Njia Nyingine: Wamoraviani na Kijiji cha Nyumbani

Wamoraviani waliingia Unyamwezi kwa kupokea kituo cha Urambo kutoka London Missionary Society mwaka 1898, kisha wakaenea kusini hadi Sikonge na Kitunda. Kufikia wakati huo soko la wazi la watumwa lilikuwa limebanwa na utawala wa Kijerumani, ingawa utumwa wenyewe haukufutwa. Amri ya mwaka 1904 ilitamka kuwa watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 watakuwa huru, na utumwa ulikomeshwa kisheria katika Tanganyika chini ya Waingereza mwaka 1922. Katika mazingira hayo huduma iliegemea zaidi shule, zahanati na, huko Sikonge, matunzo ya wagonjwa wa ukoma. Wahudumiwa wengi walikuwa na jamaa wanaojulikana, na kazi ya kanisa ikawa kuwasaidia wakiwa miongoni mwao au kuwapokea kwa muda. Kilichobadilika hapa si imani wala huruma ya watoa huduma. Kilichobadilika ni kwamba mtoto hakufika tena kama bidhaa iliyonunuliwa, na hivyo jamaa zake walikuwa na sauti.

6.0 Mafunzo kwa Kata ya Leo

Baada ya uhuru, Serikali iliweka usimamizi wa makao ya watoto kwa sheria ya mwaka 1968, na baadaye Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ikatamka kuwa mtoto ana haki ya jina, uraia, na kuwajua wazazi wake wa kumzaa pamoja na ukoo wake. Ukiisoma sheria hiyo ukiwa na Kipalapala akilini, maneno hayo yanajibu jeraha la zamani. Haki ya kuujua ukoo ndiyo hasa iliyopotea pale mtoto alipovuka kizingiti cha kituo akiwa na jina jipya la ubatizo na bila maelezo ya alikotoka.

Katika kata kama Ntalikwa, ambako mji na kijiji hukutana, huduma ya kanisa hukabili watoto wa namna tatu ambao huitwa kwa jina moja la yatima: aliyefiwa na wazazi wote, aliyefiwa na mmoja, na ambaye wazazi wake wapo lakini hawana uwezo. Kila mmoja huhitaji jibu lake. Wa tatu huhitaji mbegu, ada, bima ya afya au ushauri kwa mama yake kabla ya kuhitaji kitanda katika makao. Kumwita yatima ili apate mfadhili ni kurudia, kwa nia njema, kosa la kumwandika kuwa hana mtu.

7.0 Hitimisho

Vituo vya kwanza vya Unyanyembe viliokoa maisha, na hakuna tathmini ya haki inayoweza kulifuta hilo. Lakini viliokoa kwa kumhamisha mtoto kutoka kwa mmiliki hadi kwa mlezi, bila kumrudishia upande wake. Ushirombo na Sikonge zinaonesha hatua za polepole za kutoka katika mtindo huo kuelekea huduma inayoifikia familia. Kwa mtafiti, hali hii inadai kumbukumbu za misheni zisomwe kwa kuuliza kila mara jina la mama, kijiji cha asili na aliyelipwa, badala ya kuhesabu waliobatizwa pekee. Kwa kanisa linalohudumu Tabora leo, inadai jambo lililo rahisi kulitaja na gumu kulitenda: kwamba ukurasa wa kwanza wa jalada la mtoto uwe na majina ya ndugu zake, na kwamba mtu apewe kazi ya kwenda kuwatafuta.