Missa Luba Mbili

Ukitaka kuzua ugomvi katika kwaya yoyote ya mjini, subiri mazoezi yaishe, watu wakiwa bado wanajifuta jasho, halafu uliza Haleluya ya Handel inapaswa kwenda kwa mwendo gani. Sauti ya nne watataka iende taratibu, nzito, kuta zitetemeke. Sauti ya kwanza watataka iende mbio, maana wao ndio wanaoishiwa pumzi. Mwisho mwalimu wa kwaya atafungua kitabu cha noti, atasonya kidogo, atasoma, na watu watanyamaza.

Hata wakubwa wa Ulaya wanagombana hivyo hivyo, ila wao wanagombana kwa sahani. Messiah ilisikika kwa mara ya kwanza Dublin tarehe 13 Aprili 1742. Mwaka 1959 Sir Thomas Beecham aliirekodi na okestra kubwa ajabu, ina matoazi na makelele ambayo Handel mwenyewe hakuyaandika. Mwaka 1980 ikatoka ya Christopher Hogwood: okestra ndogo, ala za namna ya zamani, sauti za juu zinaimbwa na wavulana, ikifuata jinsi kazi hiyo ilivyopigwa London mwaka 1754. Mimi namtaka Beecham siku ya sikukuu, na Hogwood siku nyingine zote. Lakini hakimu wao ni mmoja, yaani karatasi. Karatasi ilikuwepo kabla yao, wao wamekuja kuisoma, na tunaweza kusema huyu kaongeza chumvi, yule kaipima.

Sasa, ndugu msomaji, chukua misa ambayo haikuwa na karatasi.

Mwaka 1953 padri mmoja Mbelgiji wa shirika la Mtakatifu Fransisko, Guido Haazen, alifika Kamina. Kamina ni mji wa reli kule Katanga, mji ambao Kiluba na Kiswahili wanaishi nyumba moja. Mwaka uliofuata akaanzisha kwaya shuleni: watoto wa kiume wapatao 45, wa miaka 9 hadi 14, na walimu wao kama 15 wa kushika sauti za chini. Kwaya ikapewa jina la mfalme wa Ubelgiji, Les Troubadours du Roi Baudouin. Jina hilo tutalirudia.

Misa yao walianza kuitunga pamoja, papo kwa papo. Maneno yalikuwa Kilatini kile kile cha misa, neno kwa neno, kwa sababu wakati ule Kanisa halikuruhusu vinginevyo. Nyimbo ndizo zilizotoka nyumbani. Kyrie, yaani Bwana Utuhurumie, ilifuata kasala, wimbo wa Waluba wa kumlilia na kumtukuza marehemu. Sanctus ilitoka katika wimbo wa Kiluba wa kuagana. Hosana ilikimbilia kwenye ngoma ya Kasai. Mwimbishaji alitangulia, wengine wakamdaka, na kila walipoimba ilibadilika kidogo. Tarehe 23 Machi 1958 ikaimbwa katika ibada ya misa pale Kamina. Mwaka huo huo watoto wakapelekwa Ulaya, wakaimba Ubelgiji, Uholanzi na Ujerumani, na kampuni ya Philips ikawarekodi.

Sahani hiyo ndiyo misa yenyewe. Hapa ndipo ninapotaka tusimame, maana mtu anaweza kupita mbio asione. Noti za Missa Luba zilichapishwa baadaye, miaka ya 1960. Kwa Handel karatasi ilizaa sahani. Kwa watoto wa Kamina sahani imezaa karatasi. Kile ambacho kingeweza kubadilika tena Jumapili inayofuata kikagandishwa siku ya kurekodi, na kuanzia hapo kila kwaya duniani inayotaka kuimba Missa Luba ina vitu viwili tu vya kushika: ile sahani, na noti zinazokwenda nyuma yake.

Kwa hiyo nilipoisikia ya pili, masikio yangu yalikuwa na upendeleo, sifichi. Ya pili ni ya mwaka 1990, ya Muungano National Choir ya Nairobi, chini ya Boniface Mganga, na kampuni ni ile ile Philips. Nimezisikiliza zikifuatana usiku mara nyingi, kipande kwa kipande, kama mtu anayelinganisha barua mbili za mwandiko unaofanana.

Tuanze na Kyrie. Mwaka 1958 anayetangulia ni Joachim Ngoi, mmoja wa walimu. Sauti yake ni ya sauti ya tatu iliyo juu, kavu kidogo, haibembelezi. Anaita, watoto wanaitika. Huwezi kusahau kwamba ni mwalimu na darasa lake, na huwezi kusahau kwamba kasala ni kilio. Muungano ni kwaya ya watu wazima, wanawake na wanaume. Pale palipokuwa na watoto sasa pana akina mama wenye vifua vilivyofunzwa. Pumzi zinakatwa pamoja, maneno yanatoka safi, sauti nne zinakaa kama matofali. Ni nzuri mno. Lakini ni wageni msibani. Mgeni msibani hulia kwa adabu, huangalia wenyeji wanavyofanya, hataki kukosea. Wenyeji wenyewe hulia hovyo.

Msije mkadhani naikandia ya Nairobi. Katika Nasadiki, mimi nawapa Muungano. Kipande hiki ni kirefu, kina imani yote ya Kanisa ndani yake, na kinapofika kwenye kusulibiwa kinageuka kuwa tangazo la msiba. Hapo panahitaji uzito wa wanaume, na walimu kumi na tano wa Kamina, kwa heshima zote, wanazidiwa na watoto wao. Sauti ya nne ya Muungano inaposhuka unasikia kaburi.

Halafu kuna jambo la Kilatini. Mwaka 1958 Kilatini kilikuwa sheria. Desemba 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifungua mlango kwa lugha za watu na muziki wa watu. Kufikia 1990, Mkatoliki wa Afrika Mashariki alikuwa ameshaimba Utukufu na Mwanakondoo kwa Kiswahili kwa miaka zaidi ya ishirini. Watoto wa Kamina waliimba Kilatini kwa kuwa hapakuwa na njia nyingine, na ngoma wakaipitisha chini yake. Muungano waliimba Kilatini kwa kuchagua, kwa kuwa ndivyo kazi ilivyo. Maneno ni yale yale herufi kwa herufi, ila wa kwanza wanapenya na wa pili wanatunza.

Sanctus ndiyo iliyokwenda mbali. Ni kipande kifupi, hakifiki dakika mbili, kinaanza pole pole kama watu wanaoagana stesheni, halafu Hosana inaingia na ngoma na miguu haitulii. Mwaka 1968 Lindsay Anderson aliitia katika filamu yake If...., inayohusu shule ya bweni Uingereza, ambamo kijana mkaidi anaipiga sahani hiyo tena na tena chumbani kwake. Mwaka 1969 Sanctus ikaingia katika orodha ya sahani zinazouzwa sana Uingereza. Kabla ya hapo, mwaka 1964, Pasolini alikwishaitumia Gloria yao katika filamu yake ya Injili ya Mathayo. Fikirieni jamani: wimbo wa kuagana wa Waluba, unaosikilizwa na kijana wa Kizungu aliyechoka na shule ya Kizungu.

Nilisema tutarudi kwenye jina. Mwaka 1958, pale Brussels, Wabelgiji walikuwa na maonyesho makubwa ya dunia, Expo 58. Ndani yake walijenga kijiji cha Kongo, na Wakongo halisi wakawekwa nyuma ya uzio wa mianzi waangaliwe. Watazamaji wengine waliwarushia ndizi. Wakongo wale walichoka na matusi, wakaondoka Julai, maonyesho hayajaisha. Ni nchi ile ile na mwaka ule ule ambao watoto wa Kamina walikuwa wakipigiwa makofi kwenye majukwaa, chini ya jina la mfalme. Tarehe 30 Juni 1960 Kongo ikapata uhuru, na tarehe 11 Julai Katanga ikajitangaza kujitenga.

Kuna wanaosema kwa ajili hiyo sahani ya 1958 ni ya kikoloni na ya 1990 ndiyo yetu. Nimelifikiria hilo na silikubali. Jalada ni la kikoloni, sawa. Jalada lina mfalme, lina padri, lina mwimbishaji mmoja, na wengine wote ni kundi. Mimi ninayetaka siku moja kuona jina langu juu ya riwaya, jambo hilo linanichoma: kazi iliyotungwa na vinywa sitini, na vinywa karibu vyote havina jina. Lakini mfalme hakuimba. Ukizima taa, jalada halionekani, na kinachobaki ni Ngoi anaita na watoto wanamjibu kabla hajamaliza, kwa sababu wanajua anakokwenda. Ndio waliopanga naye njia.

Hicho ndicho ambacho Muungano, kwa ufundi wao wote, hawawezi kunipa. Wanasubiri zamu yao. Wanangoja mwimbishaji amalize, ndipo waingie, kwa usahihi kabisa. Kisha wanapomaliza misa, sahani yao inaendelea na nyimbo za makabila ya Kenya, na hapo, jamani, watu ni wengine. Wanadakana, wanapandiana, sauti ya pili inachokoza ya kwanza. Sahani ya Kamina nayo ina nyimbo za nyumbani mbali na misa, lakini pale huwezi kusikia mpaka. Unatoka arusini unaingia kanisani na ni watoto wale wale, hawakubadili nguo.

Mtoto aliyekuwa na miaka 9 walipoimba Kamina, alikuwa na 41 Muungano walipotoa yao. Nikisikiliza Sanctus ya Nairobi huwa namuwaza huyo, kama aliisikia redioni mahali fulani, na kama miguu yake ilitangulia kwenye Hosana.