Mwako wa hatua

Moshi mweusi ukitoka kwenye bomba la kiwanda, mtu wa Kamsamba, mkoani Songwe, ataulalamikia bila kufundishwa na yeyote. Nitrojeni monoksidi haina rangi, na huzaliwa kwa wingi pale moto unapowaka vizuri, mkali, usio na moshi. Hewani hugeuka nitrojeni dioksidi, inayoumiza mapafu na kuchangia mvua ya asidi. Njia ya kuipunguza ni kuunyima moto hewa kwa makusudi, jambo ambalo kila aliyewahi kupuliza jiko ataliona kinyume. Kwa Kiswahili naiita mwako wa hatua.

Hewa tunayovuta ni nitrojeni kwa asilimia 78, wala haitudhuru. Ndani ya tanuri la boila, joto likipita takriban nyuzi 1,400 za Selsiasi, nitrojeni hiyo tulivu huanza kushikana na oksijeni. Yakov Zeldovich, mwanafizikia wa Urusi ya Kisovieti, alieleza njia hiyo katika miaka ya 1940. Ila makaa ya mawe nayo yana nitrojeni yake, kwa kawaida asilimia 1 hadi 2 ya uzito, urithi wa mimea ya kale. Boila likichoma makaa yaliyosagwa unga, hiyo ndiyo huzaa sehemu kubwa ya oksidi za nitrojeni. Kupoza moto peke yake hakutoshi.

Kwa hiyo hewa hugawanywa. Chini, kwenye vichomeo, makaa hupewa hewa pungufu. Nitrojeni inayotoka humo ikikosa oksijeni hushikana yenyewe kwa yenyewe na kurudi kuwa gesi isiyo na madhara. Mita kadhaa juu, matundu mengine hupuliza hewa iliyobaki ili kumalizia kazi. Ningeweza kuandika “uunguzaji wa awamu”, lakini kuunguza kunanuka chakula kilichoharibika, na awamu ni neno la muda: awamu ya uongozi, awamu ya mradi. Humu tanurini kinachobadilika ni mahali. Makaa hupanda kutoka ngazi moja ya hewa hadi nyingine, na hatua inalibeba hilo.

Hewa ikipunguzwa kupita kiasi, makaa hayawaki yote. Majivu hutoka na kaboni ndani yake, kaboni monoksidi hupanda, kuta za mabomba huliwa na kutu. Mwendeshaji makini haondoi macho kwenye kipimo cha oksijeni ya gesi inayotoka, ambayo kwa makaa ya unga huwa kama asilimia 3 au 4.

Oksidi zinazosalia huondolewa kwa urea, ileile ambayo mkulima wa mpunga wa bonde la Momba huitia shambani. Ikinyunyizwa kwenye gesi yenye joto la nyuzi 850 hadi 1,100, hutoa amonia, nayo huzigeuza oksidi kuwa nitrojeni na mvuke wa maji. Malori mengi ya kisasa yanayopanga foleni Tunduma hubeba tangi dogo la urea iliyoyeyushwa, asilimia 32.5, kwa kazi hiyohiyo, yakisaidiwa na kichocheo.

Mkoa wa Songwe una sababu ya kulijua jambo hili. Mgodi wa makaa wa Kiwira, wilayani Ileje, ulianza mwaka 1988 kwa msaada wa China, ukiwa na kituo chake cha umeme cha megawati 6, na mpango wa kituo cha megawati 200 umetajwa kwa miaka mingi. Kutoboa matundu ya hewa kwenye ukuta wa boila lililokwisha kujengwa ni ghali, na mabomba ya maji yaliyomo humo hulazimika kupindwa upya. Kwa hiyo matundu ya hewa ya juu yawemo kwenye mchoro wa kwanza wa kituo hicho, na tathmini ya athari kwa mazingira, itakayosomwa na wanakijiji kwa Kiswahili, iseme yako wapi na yatapunguza oksidi kwa kiasi gani.