Mzigo wa Frasila Mbili

Mwaka jana, wiki mbili kabla ya Pasaka, binamu yangu alinipigia simu kutoka Chamwino. Ni mchungaji wa Kianglikana, bado kijana, na alikuwa amepangiwa kwenda Kiteto kufanya kazi ya umisionari kwa wafugaji wa Kimaasai.

"Dada, wewe si mwandishi? Nitafutie vitabu vya kumsaidia kiongozi wa kanisa anayekwenda misheni. Nilivyo navyo viko kwenye flashi, vyote Kiingereza, na naona vimeandikwa kwa ajili ya watu wenye gari na bajeti."

Nikacheka, nikamwahidi orodha. Nilidhani ni kazi ya jioni moja: unaingia intaneti, unachagua vitabu kumi, unatuma. Lakini mimi ni mtu wa Dodoma, na ukianza kuuliza misheni huwa inabeba nini, hapa kwetu swali hilo lina umri wa karibu miaka 150. Nikajikuta nasoma historia badala ya kuandika orodha. Mwisho wake nikajikuta Kongwa, kwa shangazi, nimepiga magoti mbele ya sanduku la bati la marehemu babu.

Nianze na mzigo wenyewe.

Mwaka 1875 Henry Morton Stanley aliandika barua kutoka Buganda akiwaita wamisionari. Ilipochapishwa London katika gazeti la Daily Telegraph, michango ikamiminika, na mwaka uliofuata CMS, chama cha misheni cha Kanisa la Uingereza, kikatuma msafara. Safari yao ilikuwa ya Uganda. Sisi wa uwanda wa kati tulikuwa njiani tu. Mpwapwa ilichaguliwa kwa sababu ina maji na iko mwisho wa milima, kabla msafiri hajaingia Marenga Mkali, ile nyika kavu iliyowatesa wasafiri wengi. Kwa maneno mengine, misheni ya kwanza ya Ugogo ilikusudiwa kuwa ghala na mahali pa kupumzikia.

Kila kitu kilipanda kutoka pwani kichwani na mabegani. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 30 na ushee: vitambaa, shanga, waya, dawa, vyombo, vitabu. Hata mashua iliyoitwa Daisy, iliyokusudiwa kwa ziwa la Victoria, ilibebwa vipandevipande. Ukifika Ugogo unalipa hongo kwa watemi, na maji nayo yana mwenyewe. Mwaka 1877 Alexander Mackay, fundi wa Kiskoti, alipewa kazi ya kufyeka barabara kutoka Saadani hadi Mpwapwa ili magari ya ng'ombe yapite na wapagazi wapungue. Barabara ikafyekwa, ila ng'ombe wakafa. Mbung'o hawakuwa wamesoma mpango wa London.

Hapo ndipo nilipoanza kumwelewa binamu yangu na flashi yake. Tangu mwanzo, mkubwa wa nje alipakia alichodhani kinahitajika, na nchi yenyewe ikaamua nini kitafika.

Mmoja wa wale waliobaki Mpwapwa kuanzia 1878 aliitwa Joseph Last. Baadaye alihamia Mamboya, kwa Wakaguru, na huko akafanya jambo ambalo halikuhitaji mpagazi hata mmoja: alikaa na watu akiwauliza mnaitaje hiki, mnaitaje kile. Mwaka 1885 kikachapwa kitabu chake chenye maneno ya lugha nyingi za Afrika Mashariki, na mwaka uliofuata sarufi ya Kikaguru. Mwaka 1889, wakati wa vita vya Bushiri na Wajerumani, kituo cha Mpwapwa kiliharibiwa. Nyumba zilikwenda, lakini yale maneno yalikuwa yameshaandikwa. Kabla karne ya 19 haijaisha, Wagogo walikuwa na Agano Jipya kwa lugha yao.

Sisi wapenzi wa fasihi tunapaswa kusimama hapo kidogo. Kwa lugha nyingi za bara letu, kitabu cha kwanza kuchapwa ni tafsiri ya Injili, na jalada lake halitaji waliokaa mezani na Mzungu wakimwambia, "Hapana bwana, hatusemi hivyo." Mtu wa kwanza kuhariri maandishi ya Kigogo alikuwa Mgogo, na jina lake hatulioni.

Reli ya Kati ilifika Dodoma mwaka 1910, na zama za frasila mbili zikaanza kuisha. Mwaka 1913 kikaanzishwa chuo Kongwa cha kufundisha walimu wa kanisa. Mwanzilishi wake, T.B.R. Westgate, alikuwa Mkanada, na fedha zilitoka dayosisi ya Huron huko Kanada, kwa hiyo kikaitwa Huron. Hebu fikiria: katikati ya Kongwa, kwenye mbuyu na vumbi jekundu, chuo chenye jina la ziwa la Amerika Kaskazini. Leo tunakijua kama Chuo cha Theolojia cha Mtakatifu Filipo.

Mwaka mmoja baadaye ikaja vita. Wajerumani waliwaweka wamisionari Waingereza kizuizini, kwanza Kiboriani, juu ya milima ya Mpwapwa, baadaye mpaka Tabora. Walimu Waafrika nao walikamatwa. Walituhumiwa upelelezi: mtu anayejua kusoma na kuandika barua, tena za kanisa la adui, alitosha kutiliwa shaka. Walipigwa, walifungwa, na walifunguliwa Wabelgiji walipoingia Tabora Septemba 1916. Wakarudi nyumbani kukutana na Mtunya, ile njaa iliyoiangamiza Ugogo kati ya 1917 na 1920, majeshi yalipokuwa yamekwishachukua nafaka, mifugo na vijana, kisha mvua ikakataa. Walikufa watu maelfu kwa maelfu.

Katika miaka hiyo hakuna meli iliyoleta vifaa. Chuo kilikuwa kimefungwa. Kanisa la Ugogo lilibaki mikononi mwa walimu wa vijijini, mtu na kitabu chake. Andrea Mwaka, ambaye wengi Dodoma tunamjua kama jina la shule tu, anatoka katika kizazi hicho na alikuwa mmoja wa makasisi wa kwanza wa Kiafrika wa eneo hili. Nimepita mbele ya shule hiyo mara mia bila kuuliza Andrea Mwaka ni nani.

Baada ya hapo mambo yanakwenda haraka. Mwaka 1927 ikazaliwa Dayosisi ya Central Tanganyika, na askofu wake wa kwanza, George Chambers, akaja kutoka Australia. Mwaka 1933 likajengwa Kanisa Kuu la Roho Mtakatifu, lile lenye kuba pale katikati ya mji. Mwaka 1955, Namirembe, Kampala, Yohana Omari akawekwa wakfu kuwa askofu msaidizi, Mwafrika wa kwanza wa Kianglikana kushika cheo hicho Tanganyika.

Na katika miaka hiyohiyo kuna mwalimu mmoja katika shule ya sekondari ya Alliance, Dodoma, ile iliyokuja kuitwa Mazengo na leo ni Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana. Alikuwa Mganda wa Kigezi, Festo Kivengere. Alikuja kufundisha, akakaa miaka zaidi ya kumi, na alileta moto wa uamsho, wale ndugu wa Tukutendereza waliokiri dhambi hadharani na kuombana radhi, Mzungu na Mwafrika. Baadaye akawa askofu, akamkimbia Idi Amin mwaka 1977, dunia ikamjua. Kwa hiyo misheni haikutoka Ulaya tu. Ilivuka ziwa pia. Na ilirudi ilikotoka: Alfred Stanway, Mwaustralia aliyekuwa askofu wetu hapa Dodoma kuanzia 1951 hadi 1971, alikwenda Marekani, akawa mkuu wa kwanza wa chuo cha uchungaji kilichoanzishwa Pennsylvania mwaka 1976.

Sasa nirudi kwenye sanduku.

Babu alikuwa mkatekista. Alisoma Kongwa, akatumwa vijiji vinne kwa baiskeli, na alipozeeka aliliweka sanduku chini ya kitanda, akafunga kwa kufuli ambayo ufunguo wake ulipotea kabla yake. Tangu afariki, familia haikukubaliana la kufanya. Baba mdogo alitaka lipelekwe kanisani. Shangazi alisema wakilichukua watu wa kanisani litakaa stoo, mchwa wale. Kwa hiyo likabaki lilipo. Tulipolivunja kufuli siku ile, nilikuta haya: Biblia ya Kigogo ya mwaka 1962, imeachana na mgongo wake, kitabu cha nyimbo kisicho na jalada, vijitabu vya masomo vya Central Tanganyika Press, kiwanda cha vitabu cha hapahapa Dodoma kilichowahudumia wachungaji wengi wasiokuwa na Kiingereza, madaftari sita, na kitu ambacho sikukitegemea, Utenzi wa Enjili Takatifu wa Mathias Mnyampala.

Mnyampala hahitaji utambulisho kwa wasomaji wa ukurasa huu. Alizaliwa Ihumwa, mwendo mfupi kutoka Dodoma mjini, mwaka 1917. Tunamtaja kwa ngonjera, na kwa kitabu chake cha historia na desturi za Wagogo. Tunasahau kwamba huyu Mgogo Mkatoliki alichukua utenzi, bahari iliyolelewa na mashehe na masharifu wa pwani, akaiimbia Injili mwaka 1963, kisha Zaburi mwaka 1965. Na babu yangu, Mwanglikana wa zama ambazo mtoto wa Kianglikana hakuruhusiwa hata kuchungulia misa, alikiweka kitabu hicho sandukuni pamoja na Biblia. Kurasa zake zimechakaa pembeni. Alikitumia.

Nilifungua Biblia ya Kigogo. Nitasema ukweli: sikuweza kuisoma. Naijua *mbukwa* ya kuamkia na maneno ya jikoni, basi. Pembeni mwa mistari babu alikuwa ameandika kwa penseli, karibu kila ukurasa, nami nikayatazama maandishi ya mtu aliyenibeba mgongoni kama natazama risiti ya nchi ya mbali. Nikampa shangazi. Akavaa miwani, akaanza kusoma polepole.

Hayakuwa mafafanuzi ya theolojia. Yalikuwa majina. Penye mstari huu, jina la mama aliyefiwa na watoto wawili. Penye mstari ule, kijiji, mwaka, na neno moja: mvua. Mahali pengine aliandika kwamba mstari huu asiusome tena mbele ya mzee fulani, kwa kuwa ulimchoma. Daftari moja lilikuwa na methali za Kigogo, kila moja na alama ya mahali inapokutana na Maandiko. Vitabu vyote vilivyokuja kutoka nje alikuwa ameviandika upya kwa penseli, kwa ajili ya watu wa vijiji vinne.

Nikamuuliza shangazi kama babu aliwahi kuimba. Akanyamaza kidogo.

"Alikuwa fundi wa zeze. Alipobatizwa wakamwambia ni mambo ya ushenzi, akalitundika. Nilipokuwa mtoto nililiona darini. Sijui liliishia wapi."

Leo, nenda ibada za Kianglikana vijijini Ugogo, utasikia zeze na ngoma ndani ya kanisa, na hakuna anayeshtuka. Babu alikufa kabla sijamuuliza alijisikiaje aliposikia hivyo mara ya kwanza. Katika hesabu ya kile ambacho misheni ilileta, lazima tuandike pia kile ilichomwambia mtu akitundike darini. Zeze lilikuwa kifaa cha kazi, na lilikuwa limo nyumbani tayari.

Binamu yangu alikuja Kongwa kabla ya kuondoka. Nilimwonyesha orodha yangu, ambayo ilikuwa imepungua kutoka vitabu kumi hadi vitatu. Nikamwambia: Biblia ya Kimaasai ipo, ianze hiyo. Tafuta mama mmoja Mmaasai mwenye subira, akae na wewe akwambie "hatusemi hivyo". Nunua daftari na penseli. Na ukikuta watu wana wimbo wao, usiwaambie chochote kuhusu wimbo huo kwa mwaka mzima.

Akasema, "Dada, umekuwa mhubiri."

Shangazi alimpa daftari la methali, kwa masharti: alinakili, alirudishe. Sanduku lenyewe tumekubaliana libaki Kongwa. Kila Jumamosi ninayopata nafasi nakwenda, shangazi anasoma, mimi naandika. Tumefika Waraka wa Pili kwa Wakorintho, na yeye ana miaka 74. Macho yake yanaanza kuchoka mchana, kwa hiyo tunaanza asubuhi mapema.